Makumbusho ya Tiba Tunayo Tayari, Ila Tumeyapachika Majina Mengine

Habari za makumbusho ya Ulaya na Marekani kuondoa mifupa ya watu machoni pa wageni zimepokewa kwetu kwa kicheko cha ushindi. Mei 2023 Makumbusho ya Hunterian ya London yalifunguliwa upya baada ya matengenezo ya miaka kadhaa, na kiunzi cha mifupa cha Charles Byrne, kilichokuwa kivutio chao kikubwa, hakikuwekwa tena. Mwaka huohuo Makumbusho ya Mütter ya Philadelphia, yenye mabaki ya miili ya watu zaidi ya 6,000, yaliziondoa mtandaoni video zao na kuanza kujiuliza yanashika nini na kwa haki gani. Jamaa wengi hapa Unguja wakasema: si tulisema sisi? Maiti huzikwa, hawekwi kabatini. Tangu hapo, anayethubutu kutamka kwamba Zanzibar nayo ingefaa kuwa na makumbusho madogo ya tiba, maradhi na mauti hujibiwa kwa habari hizohizo: wenzetu wanafunga, wewe ndiyo kwanza wataka kufungua. Naona habari hizi zimesomwa kinyume. Kilichowashinda watu wa London ni kuendelea kumtazamisha mtu asiyetoa ridhaa yake. Historia ya tiba hawakuiacha, na vyumba vyake viko wazi mpaka leo. Na sisi tunaojiona tuko salama kwa kuwa hatuna makumbusho ya aina hiyo, ukweli ni kwamba tunayo. Yametawanyika mjini na visiwani, watalii wanalipa kuyaingia, ila tumeyapachika majina mengine, na historia ya tiba imefunikwa humo humo.

Kwanza tuelewane juu ya Byrne, maana kisa chake ndicho kinachotajwa bila kusimuliwa. Alikuwa kijana wa Ireland mwenye kimo cha karibu mita 2.3, akijionesha kwa malipo London, na alifariki 1783 akiwa na umri wa miaka 22. Alijua kuwa wapasuaji wa maiti wanamvizia. Akawausia rafiki zake wamtie katika jeneza la madini ya risasi, wakamzamishe baharini, asije akapasuliwa. Daktari John Hunter alitoa fedha, akaipata maiti, akaichemsha hadi ikabaki mifupa, na baada ya muda akaitundika katika mkusanyo wake. Ikatazamwa kwa zaidi ya miaka 200. Sasa wanaoshangilia kwamba Waingereza wamerudi kwenye adabu wajue jambo moja: mifupa ya Byrne haikuzamishwa baharini wala haikuzikwa. Imetolewa kwenye kioo tu, inahifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Wasia wake ungali unangoja. Kuficha na kuheshimu ni mambo mawili, na mtu anaweza kufanya la kwanza miaka mia asilifikie la pili.

Philadelphia nako suala si kukosa majina. Mkusanyo wao mashuhuri wa mafuvu 139, ulionunuliwa 1874 kwa Josef Hyrtl, mtaalamu wa anatomia wa Vienna, una maandishi juu ya mafuvu yenyewe: huyu aliitwa fulani, alifanya kazi fulani, alikufa kwa sababu fulani. Walijulikana, hawakuulizwa. Berlin ni kinyume chake, na Berlin inatuhusu zaidi. Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni wa Wajerumani na kuingia katika mkusanyo wa Felix von Luschan, mwanaanthropolojia wa Berlin. 202 kati yake yanahusishwa na Tanzania ya leo. Walichukuliwa bila kuulizwa na aghalabu bila majina, hata ikabidi vinasaba vya mafuvu machache vilinganishwe na vya familia zilizo hai Kilimanjaro ndipo nasaba ikajulikana. Mtwa Mkwawa alirudishwa 1954 kwa kuwa jina lake lilikuwa limeandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Wengine hawakuwa na mkataba. Ukiyaweka haya yote pamoja utaona kwamba mgogoro unaotikisa makumbusho ya dunia una nguzo mbili, ridhaa na jina. Hakuna hata mmoja katika mabishano hayo aliyesema watu wasisimuliwe vipi babu zao waliugua, nani aliwatibu, na walizikwaje.

Sasa tutazame kwetu. Mgeni akipanda mashua pale ufukweni Forodhani kwenda Changuu huambiwa anakwenda Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, miaka ya 1890, wakati Lloyd Mathews alipokuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, lakini halikutumika kuwa gereza. Kisiwa kikawa karantini, mahali ambapo abiria wa vyombo vilivyoshukiwa kubeba homa ya manjano na maradhi mengine walishushwa na kuzuiwa hadi waonekane salama, kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini au kuendelea na safari zao. Changuu ni historia ya tiba kuanzia gatini hadi kwenye kuta, na kama kuna mahali pa kueleza jinsi maradhi yanavyosafiri na pepo za kaskazi na kusi, ni hapo. Nilimuuliza kijana mmoja mtembeza wageni kwa nini karantini haimo katika maelezo yake. Akanijibu bila kusita kwamba wageni wanataka kobe na gereza. Simlaumu, ametaja soko lilivyo.

Mkunazini hali ni nzito zaidi, na nataka niitamke kwa uangalifu. Kwamba hapo palikuwa na soko la watumwa, likafungwa 1873, halina shaka, na kanisa la Kianglikana lilianza kujengwa juu ya uwanja huo mwaka huohuo. Lakini vile vyumba vya chini ambamo wageni huinama na kutoka wakifuta machozi viko chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, na wapo wanahistoria wanaobisha kuwa vilijengwa baada ya soko kufungwa, kwa matumizi ya hospitali hiyo. Sina haja ya kuuamua ubishi huo hapa. Ninachosema ni kwamba hospitali yenyewe, ambayo haina ubishi, haimo katika hadithi anayoondoka nayo mgeni. Nani alilazwa pale? Wakunga na wauguzi wa Kizanzibari waliofundishwa kazi pale walikuwa nani? Utumwa usimuliwe kwa uzito wake wote, tena katika ushahidi usiotikisika, maana msiba ule ni mkubwa mno kutegemea chumba kinachobishiwa. Na hospitali nayo isimuliwe. Jengo moja lina nafasi ya mambo yote mawili.

Zahanati ya Kale pale Mizingani watu huipigia picha roshani zake. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, tajiri Tharia Topan akikusudia iwe hospitali ya hisani ya kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Akafariki 1891 kabla halijaisha. Jengo likaja kununuliwa na kufanywa zahanati, chini dawa zikitolewa, juu wakiishi watu. Lilichakaa baada ya Mapinduzi, likatengenezwa upya miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan. Nakshi zimerudi, dawa haikurudi hata katika maelezo.

Na kikubwa kuliko vyote, Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja. Wanaosema makumbusho ya mauti na tiba ni fikra ngeni ingefaa wasome historia ya jengo hili. Lilibuniwa na John Sinclair, likafunguliwa 1925 kuwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Yaani makumbusho ya kwanza ya kisasa ya Zanzibar yalizaliwa kwa ajili ya wafu. Na msimamizi wake wa kwanza, Alfred Spurrier, alikuwa daktari aliyeitumikia afya ya mji huu kwa miaka mingi, aliyetaka makumbusho yawe darasa la watu wa kawaida, afya ikiwa moja ya masomo yake. Lilikuwa darasa la kikoloni, lenye kiburi cha kikoloni cha kumwona mwenyeji kuwa ndiye ugonjwa. Hilo nalo ni la kuoneshwa. Lakini kusema kwamba tiba haijawahi kuwa na nyumba katika makumbusho yetu ni kusema lisilokuwa.

Anayeuliza ndani ya makumbusho hayo kutakuwa na nini, ikiwa mafuvu hayamo, sharti aanze na kipindupindu. Karne ya 19 kiliipiga Zanzibar mara kwa mara, 1836 hadi 1837, 1858 hadi 1859, na kile kikubwa cha 1869 hadi 1870. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima kuhusu vipindupindu vya Afrika Mashariki, kikachapishwa London 1876. Kinachovutia ni mbinu yake. Alikaa na wafanyabiashara, manahodha na watu wa misafara, akawauliza maradhi walikutana nayo wapi na lini, akaifuatilia njia ya ugonjwa kutoka nchi za Bahari ya Shamu, ukipita bara kwa Wamaasai, hadi Pangani, na kutoka hapo kwa chombo hadi kisiwani. Yaani ramani ile ya maradhi, inayosifiwa hadi leo na wanahistoria wa tiba, ilichorwa kwa midomo ya watu wetu. Kitabu kina jina moja juu ya jalada. Chumba kimoja chenye ramani hiyo ukutani, chenye maelezo ya mahujaji na majahazi, na ya maji ya chemchemi ambayo Sayyid Barghash aliyaleta mjini kwa mabomba baadaye, kingemfundisha mtoto wa skuli zaidi ya mafuvu elfu. Tena si historia iliyopita. Kipindupindu kiliingia tena 1978 katika kijiji cha wavuvi, watu 411 wakaugua na 51 wakafa, na tangu hapo kimekuwa kikirudi.

Chumba cha pili ningekipa maiti moja isiyokuwepo. David Livingstone alifariki 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kumrudisha. Wakautoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti kwa sala, wakatia chumvi kifuani, wakaukausha mwili juani kwa wiki mbili, wakaufunga katika gome la mti na kitambaa cha tanga, wakaubeba kwa miezi hadi Bagamoyo. Februari 1874 ulivushwa hadi Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza, ndipo ukapelekwa London. Huko mpasuaji William Fergusson aliutambua kwa mkono wa kushoto, pale mfupa ulipovunjwa na simba miaka karibu 30 nyuma na kuunga vibaya. Katika simulizi nyingi Fergusson ndiye mwanasayansi na Susi na Chuma ni watumishi waaminifu. Mimi nauliza: ni nani hapa aliyefanya kazi ya anatomia? Bila mikono iliyojua kitu gani kinaoza kwanza na kitolewe vipi, Fergusson asingekuwa na mfupa wa kutazama. Meli ilipoondoka Zanzibar na mwili, Susi na Chuma waliachwa nyuma. Waliotembelea makumbusho yetu zamani watakumbuka sanduku la dawa la Livingstone lililokuwa likioneshwa. Sanduku la mzungu lilipata kabati, ujuzi wa waliomhifadhi haukupata hata ubao wa maelezo.

Chumba cha tatu kiwe Pemba, tena kisiwani Pemba kwenyewe, si nakala iliyowekwa Unguja kama kawaida yetu. Wapemba wametoa damu, mkojo na choo kwa ajili ya elimu ya dunia kuliko watu wengi wanavyojua. Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa 2000, imejengwa juu ya kazi ya minyoo na kichocho iliyoanza miaka mingi kabla. Na kisiwa hicho ndicho kilichofanyiwa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, watoto 24,076 wakiandikishwa. Hiyo ilikuwa dawa iliyodhaniwa haina madhara: mtoto ana upungufu wa damu, mpe madini. Agosti 2003 sehemu ya madini ya chuma ilisitishwa, kwa kuwa watoto waliopewa walionekana kulazwa au kufa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa, tofauti ya asilimia 12, katika kisiwa ambacho malaria ilikuwa bado imekamata. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa nchi zenye malaria. Watoto wa nchi nyingi wamekuwa salama zaidi kwa sababu ya watoto wa Pemba. Kisa hiki kina kila kitu ambacho makumbusho ya tiba yanapaswa kukabili: nia njema, madhara, ridhaa ya wazazi, ujasiri wa kusitisha, na deni. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni vijana wa zaidi ya miaka 20. Sioni kwa nini wasome habari zao Geneva wasizisome Chake.

Hoja za wapinzani sasa. Ya dini ni nzito na naikubali yote. Mtume amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na hakuna sababu ya utalii inayoweza kusimama mbele ya kauli hiyo. Lakini tuitazame inakomea wapi. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao Makka, mwaka 1987 liliruhusu maiti kupasuliwa kwa kutafuta sababu ya kifo na kwa kufundishia udaktari, kwa masharti: ridhaa iwepo, lisizidi lililo dharura, maiti ya mwanamke ishughulikiwe na madaktari wanawake, na viungo vyote vizikwe. Sharti la mwisho linafunga mlango wa viungo kukaa chupani milele, na linauacha wazi mlango wa elimu. Wanafunzi wa udaktari wa chuo chetu kikuu wajifunze kwa masharti hayo huko chuoni. Makumbusho ya watu wote hayana haja nayo. Florence na Vienna wana miili mizima ya nta iliyofinyangwa karne ya 18, na hakuna mtu aliyenyimwa kaburi lake kwa kuwekwa pale. Wala elimu hii si mgeni katika Uislamu. Ibn al-Nafis, aliyefariki 1288, alieleza jinsi damu inavyopita mapafuni karne nyingi kabla ya Ulaya kuikubali habari hiyo.

Ya fedha ni nzito vilevile. Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili, na jengo hilo ndilo lililokuwa makumbusho yetu makuu. Anayesema tusianzishe jipya kabla hatujaweza kushika la zamani ana haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana sizungumzii jengo. Nazungumzia vyumba viwili vitatu ndani ya majengo yaliyopo, maelezo mapya Changuu na Mkunazini, na chumba kimoja Pemba. Gharama kubwa hapa ni ya watu wa kutafiti na kuandika, na hiyo hatuipendi kwa sababu haizinduliwi kwa kukata utepe.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kuwa habari za mauti huleta nuksi na kuwafukuza wageni. Wageni tayari wanalipa kuingia Mkunazini, na kwenye kisiwa cha Chapwani hupelekwa kutazama makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Na sisi wenyewe? Nchi hii husimama kusikiliza matangazo ya vifo redioni, mtu akaacha kijiko hewani ajue ni mtoto wa nani na maziko saa ngapi. Mtoto wa Kizanzibari huliona jeneza likipita mabegani mtaani kabla hajajua kusoma. Mtume alikataza kuzuru makaburi kisha akaamrisha yazuruwe, kwa kuwa yanakumbusha akhera. Kinachotutisha ni habari ya maradhi, nani aliugua nini, na hofu hiyo ina msingi. Ndipo linapokuja jambo ambalo watetezi wa makumbusho hawalitaji.

Hospitali mpya za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba, na kila hospitali mpya inapofunguliwa, ya zamani hubadilishiwa kazi. Hapo ndipo vifaa na daftari hupotea bila mtu kukusudia: mizani ya watoto, hadubini za shaba, kadi za kliniki, madaftari ya wagonjwa wa ndui, safura, matende na ukoma. Idara ya Makumbusho na Nyaraka za Taifa za Kilimani zingepaswa kuwemo katika kila kamati ya kuhamisha hospitali, kabla mkokoteni haujafika. Vifaa ni rahisi. Vivyo hivyo chuku za kuumikia, sahani za kombe, kafuri na vyombo vya waosha maiti. Vinunuliwe kwa bei ya haki, mganga au mkunga aandikwe jina, na asiyetaka dawa yake iandikwe isiandikwe. Daftari ndilo gumu, maana ndani yake mna ridhaa na jina kwa pamoja, nguzo zilezile za Byrne. Daftari la ukoma ni mwili wa mtu kwa wino. Lina jina lake, shehia yake, na siku aliyotengwa na watu wake, na wajukuu zake wapo, wanaoa na kuolewa hapahapa. Kwa hayo ningetaka daftari lihifadhiwe lisichomwe, lioneshwe limefungwa, na jina lifunguliwe pale tu familia ikija yenyewe na kusema iandikwe. Zipo zitakazokuja, kama zilivyokuja za Kilimanjaro, na zipo ambazo hazitakuja kabisa, na makumbusho yajengwe yakijua hivyo.